Orodha ya Shughuli haisemi Bunge limepitisha nini

Bunge likikaa Dodoma, hasa kuanzia Aprili linapoingia kwenye bajeti, husambaa picha ya ukurasa mmoja wenye nembo juu na mambo yaliyopangwa kwa namba. Chini ya picha mtu ameongeza maneno yake: "Leo Bunge linapitisha sheria ya..." Ikifika jioni maneno yamekua: "Bunge limepitisha." Ukidai ushahidi unaletewa ukurasa uleule wa asubuhi. Ukurasa huo ndio Orodha ya Shughuli, na haujawahi kusema kwamba Bunge limepitisha kitu chochote.

Orodha ya Shughuli ni karatasi inayotayarishwa na ofisi ya Katibu wa Bunge kwa ajili ya kikao cha siku moja, ikionyesha mambo yaliyopangwa kufanyika na lipi linatangulia lipi. Basi, maana yake ni hiyo. Tatizo lipo kwenye neno "yaliyopangwa", ambalo wengi hulipita kama halipo.

Kabla ya hapo kuna mkanganyiko mwingine unaozaa mengi: kikao na mkutano. Mtaani ni kitu kimoja, bungeni ni vitu viwili. Bunge lenyewe uhai wake ni miaka mitano. Ndani yake kuna Mikutano, kwa kawaida minne kwa mwaka, na ndani ya kila Mkutano kuna vikao, kila siku na kikao chake. Ndiyo maana Mkutano wa bajeti wa 2023 uliitwa wa Kumi na Moja, wa 2024 wa Kumi na Tano, na wa 2025 wa Kumi na Tisa, yote ya Bunge la Kumi na Mbili. Mkutano una ratiba, ile inayoonyesha wizara ipi itasoma bajeti tarehe ngapi hadi mwisho wa Juni. Kikao ndicho chenye Orodha ya Shughuli. Anayesambaza ratiba ya miezi mitatu akaiita orodha ya shughuli za leo amechanganya karatasi mbili, na ajabu ni kwamba hata vyombo vya habari vikubwa hufanya hivyo bila kupepesa macho.

Ukitaka kuona Orodha ikifanya kazi, fuatilia dakika chache za mwanzo wa kikao cha asubuhi. Spika anaingia nyuma ya siwa, anasoma dua, anawaambia waheshimiwa wakae. Kisha anaita: "Katibu!" Katibu aliyeko mezani anasimama na kutamka mstari unaofuata kwenye Orodha: "Hati za kuwasilisha mezani." Wahusika wakimaliza, Spika anasema, "Katibu, tuendelee," na Katibu anatamka mstari mwingine: "Maswali." Kikao kizima kinakwenda hivyo. Spika haamki na kusema leo tuanzie huku au kule kwa jinsi alivyojisikia, na waziri hawezi kuibuka na hoja yake kabla jambo lake halijaitwa. Jambo lisiloitwa na Katibu kwa wakati huo halipo mbele ya Bunge, hata kama ukumbi mzima unaliwaza.

Mfuatano wenyewe haupangwi upya kila asubuhi. Kanuni za Kudumu, ambazo Bunge linajitungia kwa mamlaka ya ibara ya 89 ya Katiba, ndizo zinazotangulia kusema nini kinakuja kwanza: dua, viapo kama kuna mbunge mpya, hati, maswali, kisha hoja na miswada. Alhamisi huongezwa maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Kinachobadilika siku hadi siku ni kinachojazwa chini ya vichwa hivyo.

Sasa tuje kwenye vichwa viwili vinavyopotosha watu zaidi.

Cha kwanza ni hizo "hati za kuwasilisha mezani". Kuwasilisha mezani ni kuweka karatasi mezani. Waziri anasimama, anataja jina la hati, anaiweka, anakaa. Hakuna mjadala wala kura. Angalia ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ibara ya 143 ya Katiba inataka iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kikao cha kwanza baada ya Rais kuipokea, kwa hiyo jina lake huonekana kwenye Orodha, kwa kawaida Aprili. Siku hiyohiyo watu huanza kulalamika kwamba Bunge limeijadili kwa dakika mbili na kuifunika. Halijaijadili. Hoja zilizomo zinakwenda kwanza kwa kamati, PAC kwa hesabu za Serikali Kuu na LAAC kwa hesabu za serikali za mitaa, na kamati hizo ndizo zinazorudi na taarifa zake ukumbini miezi kadhaa baadaye. Anayetaka kulalamikia huo muda mrefu katikati ana haki kabisa, na mimi nitamuunga mkono, lakini alalamikie kitu kilichopo.

Cha pili, na hiki ndicho kinachonikera, ni mabano. Jina la muswada kwenye Orodha hufuatwa na maneno madogo ndani ya mabano: kusomwa mara ya kwanza, au ya pili, au ya tatu. Mtu anayekata picha ili jina la muswada lionekane vizuri mara nyingi huyakata na mabano yake, na mabano ndiyo yenye habari yote.

Muswada ukisomwa mara ya kwanza, kinachosomwa ni jina lake. Katibu anasimama, anatamka kichwa cha muswada, anakaa. Hakuna mbunge anayechangia. Kutoka hapo muswada unapelekwa kwenye kamati inayohusika, ambako wadau wanaweza kutoa maoni, na ndiko vifungu vingi hubadilishwa. Mwananchi anayetaka kuupinga muswada wakati wake mzuri ndio huo, na ndio wakati huohuo anapoambiwa kwenye simu kwamba "umeshapita", akakata tamaa, akanyamaza. Kwa hiyo silalamikii usahihi wa lugha kwa ajili ya lugha. Habari hii ikikosewa, watu hukosa nafasi waliyokuwa nayo.

Mara ya pili ndipo waziri anatoa hoja, kamati inatoa maoni yake, kambi ya upinzani, ikiwapo, inatoa yake, na wabunge wanachangia. Mjadala ukiisha Bunge linageuka kuwa Kamati ya Bunge Zima na kupita kifungu kwa kifungu, kisha linarudi kuwa Bunge na muswada unasomwa mara ya tatu. Hatua hizi za mwisho zinaweza kufanyika siku moja, kwa hiyo hata mtu anayeona "mara ya pili" kwenye Orodha ya asubuhi hawezi kuapa jioni itaishia wapi. Na baada ya yote hayo bado si sheria. Ibara ya 97 inataka kibali cha Rais. Orodha ya Shughuli haina mstari wa kibali cha Rais kwa sababu hiyo si kazi ya kikao cha Bunge.

Kuna pia upande wa pili wa kosa hili: kudhani kwamba kisichoonekana kwenye Orodha hakikutokea. Chukua siku ya bajeti ya wizara. Kwenye Orodha utakuta mstari mkavu kabisa, makadirio ya mapato na matumizi ya wizara fulani kwa mwaka wa fedha fulani, pengine na maneno "majadiliano yanaendelea". Usingizi mtupu. Lakini ndani ya mstari huo ndimo mbunge anasimama kwenye Kamati ya Matumizi, yaani Bunge zima likikaa kama kamati kupitia makadirio, na kutishia kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuzuia fungu hilo lisipite, kama hatapewa maelezo ya kuridhisha kuhusu barabara, maji au fidia. Waziri anajibu, mbunge hatosheki, wenzake wanaungana naye, na wizara nzima iliyokaa kwenye viti vya nyuma inaanza kutumiana vikaratasi. Muda uliotengwa ukiisha kabla mafungu hayajaisha, yaliyobaki yanahojiwa na kupitishwa kwa mkupuo bila kujadiliwa. Hayo yote kwenye Orodha ni mstari ule mmoja.

Yapo pia yasiyo na mstari kabisa. Mbunge anayesimama kuomba mwongozo wa Spika, anayetoa taarifa kwa mwenzake, anayesimama kuhusu utaratibu: hakuna hata mmoja aliyeandikwa asubuhi. Kanuni zinampa mbunge nafasi, maswali yakiisha, kuomba shughuli za siku hiyo ziahirishwe ili lijadiliwe jambo la dharura lenye umuhimu kwa umma. Spika akikataa, Orodha inaendelea kama ilivyo. Akikubali, karatasi ya asubuhi inasubiri.

Na mfano mkubwa wa yote unajulikana. Februari 2008 Bunge lilikuwa limepokea taarifa ya Kamati Teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Tarehe 7 mwezi huo Waziri Mkuu Edward Lowassa alisimama ukumbini akatangaza kwamba amemwandikia Rais barua ya kujiuzulu. Hakuna Katibu ambaye angeweza kuandika mstari huo asubuhi. Aliyetegemea Orodha kujua kilichotokea Dodoma siku ile angekosa habari kubwa kuliko zote za mwaka.

Swali linaloulizwa mara chache, na lingestahili kuulizwa mara nyingi, ni nani anaamua nini kiingie. Kanuni zinaweka mfuatano, lakini mambo yenyewe hupangwa kupitia Kamati ya Uongozi, ambayo mwenyekiti wake ni Spika na ambamo wamo wenyeviti wa kamati za Bunge pamoja na upande wa Serikali. Waziri Mkuu kwa Katiba ndiye Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni, na cheo hicho si pambo. Shughuli za Serikali ndizo zinazochukua sehemu kubwa ya Orodha, hoja binafsi ya mbunge hubanwa pembeni. Tusidhani ni jambo la ajabu la hapa kwetu. Uingereza, tulikorithi utaratibu huu, shughuli za serikali hutangulia pia. Ufaransa waliona serikali imezidi, wakabadilisha katiba yao mwaka 2008 ili kati ya kila wiki nne za vikao, mbili tu ndizo serikali ipange ajenda kwa kipaumbele. Kwetu, hadi 1953 gavana mwenyewe ndiye aliyekuwa akiongoza Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika, kwa hiyo serikali na meza ya mwenyekiti vilikuwa mtu mmoja. Kuwekwa Spika kulitenganisha viti. Nani ana sauti zaidi juu ya karatasi ya siku ni jambo ambalo bado linafaa kujadiliwa, na mjadala huo ungekuwa na maana kuliko ubishi wa kila Aprili kuhusu sheria ambazo hazijapita.

Swali la mbunge nalo lina mkasa wake mdogo. Kwenye Orodha lina namba na jina la aliyeliuliza, na wapiga kura wa jimbo lile wakiona jina wanafurahi kwamba mbunge wao leo amesimama. Huenda hakuwepo. Mwenzake anaweza kuliuliza kwa niaba yake, na kwenye Taarifa Rasmi utaona "K.n.y." kabla ya jina la mwenye swali. Herufi hizo tatu hazimo kwenye karatasi ya asubuhi kwa sababu asubuhi hakuna aliyejua nani atachelewa.

Taarifa Rasmi, watu wengi wanaiita Hansard, ndiyo karatasi ya kutafuta unapotaka kujua kilichofanyika: nani alisema, hoja iliamuliwaje, kikao kiliahirishwa saa ngapi. Bunge linaziweka kwenye tovuti yake. Ni ndefu na zinachosha, hilo sikatai.

Kwa hiyo ndugu unayetuma ile picha saa mbili asubuhi, endelea kutuma, ni vizuri watu wajue leo bungeni kuna nini. Acha tu mabano yaonekane, na badala ya "linapitisha" andika "limepangiwa". Kama ni mara ya kwanza, ongeza na jina la kamati utakakopelekwa muswada, ili mwenye maoni ajue pa kuyapeleka.