Je, Wajua Kwa Nini Mwalimu Asiyejua Kuchora Anaweza Kufundisha Sanaa ya Leo?

"Mimi hata kuku siwezi kumchora, sanaa nitaifundishaje?" Maneno haya nimeyasikia kwa walimu wa shule za msingi hapa Mombasa mara nyingi, na nayaonea huruma. Mtaala wa umilisi (CBC) ulipoanza kutumika mwaka 2019, mwalimu aliyesomea Hesabu au Kiswahili alijikuta amekabidhiwa na sanaa juu yake. Basi huchora ndege ubaoni, watoto hamsini wakamwiga, na aliyemfananisha zaidi akapata vema. Kipindi kimekwisha.

Mwalimu huyo anaweza zaidi ya hapo, na sababu ni hii: sanaa ya leo ni kazi za watu walio hai, zinazozungumzia mambo tunayoishi nayo. Ukitaka kuifundisha, kazi yako ya kwanza ni kuuliza maswali, na hakuna mwalimu asiyejua kuuliza.

Kuna njia moja rahisi iliyobuniwa Marekani na mwanasaikolojia Abigail Housen pamoja na Philip Yenawine, aliyekuwa mkuu wa elimu katika Museum of Modern Art, New York. Mwalimu huweka kazi mbele ya darasa, huacha kimya kidogo watoto waitazame, kisha huuliza maswali matatu tu. Kuna nini hapa? Umeona nini kinachokufanya useme hivyo? Tunaona nini zaidi? Hilo la pili ndilo lenye nguvu. Mtoto akisema lolote, mwalimu hamkosoi wala hamsifu; anamrudisha kwenye kitu chenyewe atafute ushahidi.

Niliijaribu njia hii kwa leso, yaani kanga. Niliitundika ukutani kwa misumari miwili, leso ya kawaida ya nyumbani, nyekundu na nyeupe, ina korosho mbili katikati na jina lisemalo *Kikulacho ki nguoni mwako*. Msichana mmoja akasema mwenye leso hii ana hasira. Umeona nini? "Ameliandika nguoni, ndani ya nguo yenyewe. Anataka huyo mtu alisome kila akimtazama." Kijana wa nyuma akapinga, akasema si hasira, ni huzuni, kwa sababu zile korosho zimepeana mgongo kama ndugu waliogombana. Darasa zima likainuka kwenda kuzitazama korosho. Mimi leso ile nimeivaa miaka, na sikuwa nimeuona huo mgongo.

Hapo ndipo maelezo ya mwalimu yanapopata masikio. Leso ina pindo, yaani mpaka wake; ina mji, yaani uwanja wa katikati; ina jina, yaani msemo wake. Mtaa wa Biashara lipo duka la Kaderdina Hajee Essak, lililoanza mwaka 1887, ambalo leso zake wengi wetu tunazijua kwa chapa ya Mali ya Abdulla. Na leso haikukwama enzi za bibi zetu: Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani mwaka 2008, ilitoka leso yenye sura yake na maneno ya kumpongeza. Watoto wakishajua kwamba leso huitikia habari za mwaka wake, wape karatasi nao wabuni ya kwao, pindo, mji na jina. Mmoja wa wangu aliandika *Mfereji wetu hutoa upepo*. Anayekaa mtaa usiopata maji ataelewa.

Vifaa visikuzuie. Ndani ya Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ipo michoro yao ukutani, meli na watu, iliyochorwa kwa mkaa na udongo mwekundu. Mkaa tunao jikoni. Udongo mwekundu tunao uani. Binzari hutoa manjano, hina hutoa rangi ya kutu. Na kule Lamu mafundi waliunda dau zima kwa plastiki iliyookotwa na ndara zilizotupwa, likashushwa majini mwaka 2018 na mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Linaitwa Flipflopi. Mwonyeshe mtoto picha yake, kisha umuulize gunia la ndara zilizokatika lingeweza kuwa nini.

Lakini picha pekee hazitoshi, na hili nalishikilia sana. Sanaa ya leo ina faida moja kubwa kuliko ya kale: mwenyewe yupo, anajibu. Changamwe kuna chama cha ushirika cha wachongaji Wakamba, kilichoanzishwa mwaka 1963. Wazee husimulia kwamba ufundi huu wa kuuza vinyago aliuleta Mutisya Munge, aliyejifunza kwa Wazaramo wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Wapeleke watoto wakae karibu na fundi. Wasikie tezo likila mti, waone jinsi mguu unavyolishika gogo, waguse tofauti ya mahali palipopigwa msasa na pasipopigwa. Halafu waulize wao, wala si mwalimu: Unamchongea nani? Kwa nini twiga, na huku Mombasa hakuna twiga wa porini? Kwa nini siku hizi mwarobaini na mwembe, na si mpingo? Katika jibu la swali la mwisho utapata somo la misitu bila kulitafuta. Ukimwalika fundi shuleni, tafadhali mlipe siku yake. Mtoto akiona fundi amekuja bure, amejifunza jambo ambalo hukukusudia kulifundisha.

Safari ikiwa ghali, tokeni nje ya lango. Mwaka 2018 serikali ya kaunti iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe na buluu. Je, rangi ya mji ni ya nani, ya mwenye nyumba au ya wote? Zile Pembe, sanamu kubwa za pembe za ndovu katika barabara ya Moi, zilizosimamishwa miaka ya 1950 kuwakaribisha wageni wa kifalme wa Uingereza, leo zinamkaribisha nani? Nimeona darasa la sita wakibishana juu ya Pembe mpaka kengele ikapuuzwa.

Jambo moja la hapa kwetu mwalimu mgeni alijue mapema. Zipo familia ambazo dini yao haiwaruhusu kuchora viumbe wenye roho. Usimlazimishe mtoto, wala usimfanye ajione amekosa. Mpe maua ya piko na hina, mpe nakshi za milango ya Mji wa Kale, mpe mwandiko. Sanaa ya pwani imejaa humo, na mara nyingi yeye ndiye atakayewafunza wenzake, maana mamake au shangazi yake huchora mabibi harusi.

Kumebaki kutathmini. Walimu huniuliza watatoaje viwango vya mtaala, kama kuzidi matarajio au kukaribia matarajio, iwapo hakuna picha moja iliyo sahihi. Mimi humtaka kila mtoto aandike chini ya kazi yake mistari miwili: amefanya nini, na kwa nini. Natathmini hayo pamoja na kazi, nikitazama kama alichosema kinaonekana kwenye karatasi. Yule wa mfereji alijaza mji wa leso yake ndoo za manjano, akaacha pindo karibu tupu. Chini akaandika, "Buluu nimeitia kidogo kwa sababu maji huja Alhamisi tu." Niliitafuta hiyo buluu. Ilikuwa tone moja, pembeni, kwenye mdomo wa ndoo ya mwisho.