Je, wajua kwa nini mwenye shamba la mizabibu alianza kuwalipa waliochelewa?

Katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, ambao kati ya Injili nne unapatikana katika Mathayo peke yake (20:1–16), kuna amri moja fupi ambayo wasomaji wengi huipita bila kuitazama mara ya pili. Jioni inapofika, mwenye shamba anamwambia msimamizi wake awaite wafanyakazi na kuwapa ujira wao, "ukianzia wa mwisho hata wa kwanza". Amri hiyo haikuliongezea shamba faida yoyote, na ndiyo iliyoleta ugomvi wote. Kama wale walioanza kazi alfajiri wangelipwa kwanza, kila mmoja angepokea dinari yake, angeikaza kwenye pindo la nguo na kushika njia ya nyumbani akiwa ameridhika, asijue kamwe kwamba aliyekuja jioni alipewa kiasi kile kile. Mpango huo wa malipo, basi, umewekwa kwa ajili ya msikilizaji, na mtu akiufuatilia ataona kwa karibu jinsi Yesu alivyofundisha.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mtu mwenye shamba anatoka alfajiri kutafuta vibarua, anapatana nao dinari moja kwa kutwa, kisha anarudi sokoni saa tatu, saa sita, saa tisa na hatimaye saa kumi na moja, na kila mara anawakuta watu wamesimama bila kazi, naye anawachukua. Jua linapotua wote wanalipwa dinari moja moja. Wa kwanza wananung'unika kwamba wamestahimili mzigo wa kutwa na joto lake, ilhali hawa wengine wamefanya kazi saa moja tu.

Hapo msomaji wa Kiswahili ana bahati ambayo Mwingereza hana. Saa za mfano huu zinahesabiwa tangu kuchomoza kwa jua, kama tunavyohesabu sisi na kama Waganda wanavyohesabu kwa Luganda, hivyo saa kumi na moja ya Mathayo ndiyo saa kumi na moja ya jioni ya Kampala, Jinja au Arua, wakati ambapo vivuli vimerefuka na mafundi wanaosha miiko yao. Mwingereza anayesoma maneno hayo katika Biblia yake hana budi kuelezwa kwamba saa inayotajwa ni ile ambayo saa yake ya ukutani huionyesha kwa tarakimu ya tano. Tofauti ipo moja tu ya kukumbuka: Uganda inakatwa na Ikweta, na kwa hiyo mchana wetu hauzidi wala kupungua sana mwaka mzima, lakini Palestina mchana hurefuka wakati wa kiangazi na kupungua wakati wa baridi, na saa, kwa kuwa ilikuwa sehemu ya kumi na mbili ya mchana, ilirefuka na kupungua pamoja nao.

Watu wanaosimama sokoni nao si wageni kwetu. Uganda kazi ya namna hiyo huitwa leja leja, na anayeifanya hulala bila kujua kama kesho atapata mtu wa kumwita. Dinari ilikuwa sarafu ya fedha ya Kirumi yenye uzito wa karibu gramu 4, na ilikuwa malipo ya heshima kwa siku moja. Mwaka 14 BK, askari wa Kirumi waliokuwa karibu na mto Danube waliasi wakidai, pamoja na mambo mengine, walipwe dinari moja kwa siku. Mtu mwenye watoto aliyelipwa sehemu ya kumi na mbili ya dinari asingerudi nyumbani na chakula cha kutosha. Torati ilimjua mtu huyu, na katika Kumbukumbu la Torati 24:14–15 inaagiza kwamba kibarua maskini apewe ujira wake siku ile ile kabla jua halijatua, kwa sababu moyo wake unautegemea. Yesu anapotaja malipo ya jioni, wasikilizaji wake wanatikisa kichwa kukubali, kwa kuwa mpaka hapo tajiri huyu anafuata sheria wanayoijua.

Ndivyo ilivyo karibu katika mifano yake yote: anaanza na jambo ambalo hakuna anayeweza kulipinga, kisha anapinda kitu kimoja. Katika mfano huu, dalili za kupinda zinaanza mapema kuliko tunavyodhani. Tajiri mwenye msimamizi hana sababu ya kwenda sokoni mwenyewe mara tano kwa siku moja, kwa kuwa kazi hiyo ni ya msimamizi, lakini msimamizi hatajwi hata kidogo mpaka wakati wa kulipa. Mapatano nayo yanapungua kadiri jua linavyosogea, maana wa alfajiri wanaahidiwa dinari, wa saa tatu wanaambiwa tu kwamba watapewa iliyo haki, na wa saa kumi na moja, wanapoulizwa mbona wamesimama mchana kutwa, wanajibu kwamba hakuna aliyewaajiri, kisha wanaingia shambani bila ahadi ya kiasi chochote. Msikilizaji, ambaye hajaambiwa iliyo haki ni kiasi gani, anaanza kuipigia hesabu mwenyewe.

Kisha malipo yanaanza kutoka mwisho, na hesabu ile inamnasa. Akiona mtu wa saa moja amepokea dinari nzima, anatabiri kwamba wa kutwa atapata nyingi zaidi, na wa alfajiri wanawaza vivyo hivyo. Dinari ile ile moja inapotolewa kwao, msikilizaji anajikuta amekasirika pamoja nao kabla hajapata nafasi ya kufikiri kama ana haki ya kukasirika. Siku hizi msimamizi angetuma malipo ya kila mmoja kwa simu, pasipo mtu kuona ya mwenzake, na mfano wote ungekufa hapo hapo. Yesu alihitaji malipo yafanyike mbele ya macho ya watu. Hakusema kwamba wivu ni mbaya. Aliuamsha kwanza ndani ya anayemsikiliza, kisha ndipo akauzungumzia.

Hii ni njia ya zamani kuliko yeye. Nabii Nathani alimsimulia Daudi habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake mmoja, akamngoja mfalme atoe hukumu kwa hasira, ndipo akamwambia, "Wewe ndiwe mtu huyo" (2 Samweli 12). Lakini Yesu mara nyingi hasemi neno hilo la mwisho, bali anauliza swali na kumwachia msikilizaji ajihukumu. Mwanasheria aliyetaka kujua jirani yake ni nani alisimuliwa habari za Msamaria kisha akaulizwa ni yupi katika wale watatu waliopita njiani aliyekuwa jirani, na wakuu wa makuhani waliulizwa ni yupi katika wana wawili aliyefanya mapenzi ya babaye. Katika mfano wetu maswali yanatoka kinywani mwa mwenye shamba, na la mwisho ndilo kali kuliko yote: "Au jicho lako limekuwa ovu kwa sababu ya mimi kuwa mwema?"

Maneno "jicho ovu" ni msemo wa Kiyahudi wenye maana ya uchoyo na husuda, na wafasiri wa Kiswahili waliuacha kama ulivyo. Hawakupoteza kitu, maana lugha yetu nayo imelitoa neno la husuda katika jicho lile lile: tunasema mtu ana kijicho. Neno jingine la kutazamwa ni "Rafiki", ambalo mwenye shamba anamwita mnung'unikaji. Kwa Kigiriki cha Mathayo wito huo unatokea mara tatu tu, hapa, kwa mgeni aliyeingia arusini bila vazi la arusi, na kwa Yuda usiku wa kumsaliti Bwana wake. Ni wito wa adabu unaotolewa kwa mtu ambaye mambo yameharibika kati yake na anayemwita.

Namna ya Yesu inaonekana vizuri zaidi mfano wake ukiwekwa karibu na mwingine unaofanana nao. Talmudi ya Yerusalemu, mkusanyo wa kale wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, inaeleza jinsi mwalimu mmoja wa Kiyahudi, aliyeishi baada ya Yesu, alivyomlilia mwenzake aliyekufa kijana kwa kusimulia habari za mfalme aliyeajiri wafanyakazi wengi. Mmoja wao alikuwa hodari sana, mfalme akamchukua watembee pamoja sehemu kubwa ya siku, na jioni akampa ujira kamili. Wenzake waliponung'unika, mfalme aliwajibu kwamba kwa saa mbili huyu alifanya kazi ambayo wao hawakuimaliza kwa kutwa. Jibu hilo linatuliza moyo, kwa kuwa aliyelipwa alistahili. Katika mfano wa Yesu hatuambiwi kwamba watu wa saa kumi na moja walikuwa hodari, wala wacha Mungu, wala kwamba walikuwa na shida kuliko wengine. Sababu ambayo ingeturahisishia mambo imeondolewa, na kinachobaki ni wema wa mwenye mali.

Mfano ulikuwa na mtu wa kuambiwa. Muda mfupi kabla, kijana tajiri ameondoka kwa huzuni, na Petro anasema kwamba wao wameacha vyote wakamfuata, "tutapata nini basi?" (19:27). Yesu anamwahidi mengi, kisha anaongeza mfano huu, kama mtu anayelipa deni na papo hapo kumwonya mdai asihesabu noti za jirani. Wakristo wa Uganda wana mfano wao wa jambo hili, hata kama si kawaida kuusimulia hivyo. Andrea Kaggwa, mmoja wa mashahidi wa Uganda waliouawa kwa ajili ya imani yao, alibatizwa mwaka 1882, akawa mwalimu wa wengi. Kijana Kizito alibatizwa na Karoli Lwanga mwishoni mwa Mei 1886, siku chache tu kabla ya kuchomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Mmoja alikuwa na miaka minne ya kazi, mwingine hakutimiza hata majuma mawili, na tarehe 18 Oktoba 1964 wote wawili walitangazwa watakatifu katika ibada moja. Sijasikia aliyenung'unika, labda kwa sababu sisi tunawatazama kutoka mbali na hatukupanga foleni moja nao.

Walionung'unika shambani walijibu nini? Mathayo hasemi. Swali la jicho linaulizwa na kisa kinakatika, kama vile katika Luka 15 tunavyomwacha kaka mkubwa wa mwana mpotevu amesimama nje ya nyumba yenye ngoma, baba akimsihi, bila kujua kama aliingia. Waliousikia mfano wa shamba, hata hivyo, tunajua walivyoupokea. Mistari mitatu tu inapita, ambayo ndani yake Yesu anawaambia wanafunzi wake kwamba atauawa Yerusalemu, kisha mama wa wana wa Zebedayo anakuja kuwaombea wanawe viti viwili katika ufalme wa Yesu, kimoja kuume kwake na kingine kushoto. Na wale wanafunzi wengine kumi waliposikia waliwakasirikia ndugu hao wawili.