Nyumba haina geji: tofauti ya skeli na geji katika reli za modeli

Kila mahali wanapokutana watu wanaounda au kukusanya majengo madogo ya reli za modeli, hazipiti siku nyingi kabla mtu hajaulizia "stesheni ya geji 16.5" au "kanisa la geji ya N", akimaanisha la kuweka kando ya reli ya modeli ya milimita 16.5 au ile ya milimita 9 iitwayo N. Wanaomjibu nao hulichukua neno hilohilo na kuendelea nalo. Naomba tulirekebishe mapema, kwa sababu kosa hili linawagharimu watu pesa. Jengo halina geji. Ukinunua nyumba kwa kutegemea namba ya geji, unaweza kuletewa nyumba ambayo mlango wake unakaribia kufika kwenye paa la mabehewa yako.

Skeli ni uwiano kati ya modeli na kitu halisi. Skeli ya 1:87 maana yake sentimita moja mezani ni sentimita 87 za kweli. Geji ni upana wa njia ya reli, unaopimwa kutoka ubavu wa ndani wa reli moja hadi ubavu wa ndani wa nyingine. Skeli inatawala kila kitu kilichopo mezani: kichwa cha treni, mti, abiria, ngazi, kigae cha paa. Geji inahusu reli na magurudumu yanayopita juu yake, basi.

Kuchanganya mambo haya mawili kuna historia. Mwaka 1891 kampuni ya Märklin ya Göppingen, Ujerumani, ilipeleka kwenye maonyesho ya Leipzig treni za watoto zenye reli za upana uliopangwa kwa namba. Geji 1 ilikuwa milimita 45. Baadaye zilipotakiwa reli nyembamba zaidi, namba ya chini ya moja haikuwapo, ikabidi itumike sifuri: geji 0, milimita 32. Angalia kwamba namba hizo zilitaja reli tu. Treni yenyewe ilikuwa ya bati lililopakwa rangi, na fundi aliikata kwa ukubwa uliompendeza, mradi magurudumu yakae kwenye njia. Uwiano na treni ya kweli haukuwa hoja.

Hoja hiyo ilikuja baadaye, watu wazima walipoanza kutaka treni inayofanana na ile wanayoipanda. Waingereza waliifanya geji 0 iende na kipimo cha milimita 7 kwa kila futi moja ya kweli. Ukikata hapo katikati unapata milimita 3.5 kwa futi, ambayo ni 1:87.1. Jina likawa "nusu ya sifuri", yaani H0. Ulaya bara wanaandika herufi H na tarakimu ya sifuri. Wamarekani wanaandika na kutamka herufi O. Kitu ni kilekile. Jina lililozaliwa kama la geji likageuka kuwa la skeli, na leo anayetaja HO anataja 1:87 kwanza. Reli ya milimita 16.5 inakuja nyuma yake, kwa sababu 16.5 ukizidisha kwa 87 unapata kama milimita 1,436, na geji ya kawaida ya dunia ni milimita 1,435.

Kama mambo yangeishia hapo, kosa la "nyumba ya geji 16.5" lisingemdhuru mtu. Hayakuishia hapo.

Treni za Uingereza ni nyembamba na fupi kwa kimo kuliko za Ulaya bara na Marekani, kwa sababu madaraja na mahandaki yao ya zamani ni madogo. Zilipopunguzwa kwa 1:87, mota za enzi hizo hazikuenea ndani. Watengenezaji wa Kiingereza wakaukuza mwili wa treni hadi milimita 4 kwa futi, yaani 1:76.2, lakini reli wakaiacha ileile ya milimita 16.5. Huo ndio OO. Piga hesabu: 16.5 mara 76.2 ni milimita 1,257. Treni ya OO inatembea juu ya njia iliyokosa karibu sentimita 18 za kweli. Walioshindwa kuvumilia jambo hilo wakapanua reli. Kuna EM, iliyoanza na milimita 18 na sasa ni 18.2. Kuna watu wa P4, ambao hawakubali chini ya milimita 18.83, ambacho ndicho kipimo sahihi. Geji tatu tofauti, skeli moja. Kibanda cha mlinzi wa njia kilichoundwa kwa 1:76 kinakaa sawasawa kando ya reli zote tatu.

Anayetaka kuona jambo hili kwa macho yake aende Makumbusho ya Pendon, kijiji cha Long Wittenham, Oxfordshire. Yalianzishwa na Roye England, Mwaustralia aliyefika Uingereza mwaka 1925, akaona vijiji vya Bonde la White Horse vinapoteza sura yake, akaamua kuvihifadhi kwa modeli. Nyumba zake zimejengwa kwa kadibodi, tofali zikachorwa na kupakwa rangi ya maji moja baada ya nyingine. Kwangu mimi hakuna kazi ya mikono katika fani hii inayoizidi. Vijiji hivyo ni vya skeli ya milimita 4, na treni inayopita hapo iko kwenye reli za EM. Chini ya paa hilohilo kuna Madder Valley, reli ya modeli iliyoundwa na John Ahern, nayo ni ya skeli ya milimita 4, ila iko kwenye reli za 16.5. Toa nyumba yoyote huku uipeleke kule: itafaa. Geji imebadilika na nyumba haina habari.

Sasa geuza upande wa pili. Reli ya milimita 16.5 inatumiwa na HO ya 1:87 na OO ya 1:76. Inatumiwa pia na On30, yaani 1:48, kwa wanaoiga reli nyembamba za Marekani za inchi 30. Chukua mlango wa mita mbili. Katika HO una milimita 23. Katika OO ni 26. Katika On30 unakaribia 42. Hizo zote ni "geji 16.5". Nyumba ya OO inaizidi ya HO kwa asilimia 14 kila upande. Wengi husema tofauti hiyo ni ndogo, lakini ipime kwa ujazo: asilimia 14 kwa urefu, kwa upana na kwa kimo inakupa jengo kubwa karibu mara moja na nusu. Ndiyo maana ukiziweka jirani, moja inaonekana ya ukoo mwingine hata kabla hujajua kwa nini.

Kwenye N hali ni hiyohiyo, tena Wajapani wanaionyesha vizuri kuliko wote. Reli ya N ni milimita 9 kila mahali. Lakini N ya Ulaya bara na Marekani ni 1:160, ya Uingereza ni 1:148, na ya Japani ni 1:150. Treni nyingi za kawaida za Japani zinapita kwenye reli ya milimita 1,067, geji ileile ya TAZARA, ilhali Shinkansen, treni zao za mwendo kasi, zinapita kwenye 1,435. Watengenezaji wakaamua zote mbili zitumie reli ya milimita 9. Kwa hiyo treni ya kawaida ikaundwa kwa 1:150 na Shinkansen kwa 1:160. Kwenye meza moja, juu ya geji moja, zinapishana treni za skeli mbili. Majengo yanayouzwa huko ni ya 1:150. Ukiagiza duka la ghorofa mbili kutoka Japani uliweke kwenye mji wako wa Kijerumani wa N, utapata duka lililokua kidogo kuliko majirani zake.

Kwetu Afrika Mashariki neno geji limeingia vinywani kupitia SGR (Standard Gauge Railway, reli ya geji ya kawaida), na hapo pia limebebeshwa mzigo usio wake. Wapo wanaodhani SGR ni treni ya umeme, au treni ya mwendo kasi. Herufi hizo zinataja upana wa reli, milimita 1,435. Ya Kenya inavutwa kwa dizeli, ya Tanzania kwa umeme, na zote ni SGR. Mtu akitaka kuunda Morogoro kwa HO atahitaji njia mbili: ya 16.5 kwa SGR, na ya milimita 12 kwa reli ya zamani ya mita moja, kwa kuwa 1,000 ukigawanya kwa 87 ni 11.5, na 12 ndiyo iliyopo madukani. Mfumo wa kuandika unalieleza hilo vizuri sana: HO ni skeli, na herufi inayofuata ni geji. HOm ni 1:87 kwenye njia ya mita moja. HOe ni 1:87 kwenye njia nyembamba zaidi, na huko modeli hutumia reli ya milimita 9, ileile ya N. Lakini majengo ya Morogoro, ya stesheni ya zamani na ya stesheni mpya, na miembe, na watu waliobeba mizigo, vyote ni 1:87. Hakuna jengo la HOm.

Kuna jambo moja la kuongeza kwa wakusanyaji, maana huwachanganya. Majengo mengi ya H0 si 1:87 kamili. Kanisa Kuu la Cologne, lililo jirani kabisa na stesheni kuu ya mji huo, lina kimo cha mita 157. Kwa 1:87 lingesimama mita 1.8, kumpita mtu wa kawaida. Hakuna meza ya sebuleni inayobeba hilo. Kwa hiyo watengenezaji hubana: hupunguza ghorofa, hufupisha kuta, na modeli kadhaa za zamani za majengo hukaribia 1:100. Mara nyingi milango na madirisha ndiyo huachwa karibu na kipimo chake, kwa sababu pembeni yake atasimama mtu wa kama milimita 20 na jicho litalinganisha.

Kwa hiyo ukiulizia jengo, sema "skeli ya HO" au, bora zaidi, "1:87", na geji uiache kwa yule unayeagiza kwake reli. Ukikuta boksi limeandikwa OO/HO, kama vile vifaa vya kuunga vya zamani vya Airfix, tambua kuwa treni za majina hayo mawili zinapita reli moja, lakini jengo lililomo ndani lina kipimo kimoja tu. Muombe muuzaji aweke rula kwenye mlango akutajie milimita.