Anoreksia si maringo, na njaa haiitibu

"Mwacheni, njaa ikimbana atakula mwenyewe." Ndivyo wengi wanavyosema binti anapoanza kusukuma sahani pembeni, wakidhani ni maringo au ni uzungu wa kutaka wembamba. Kwa mgonjwa wa anoreksia, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ajinyime chakula kwa hofu ya kunenepa, kauli hiyo ni ya hatari, maana njaa yenyewe huuzidisha ugonjwa.

Mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwachukua wanaume 36 wenye afya njema, waliojitolea wenyewe, kisha akawapunguzia chakula kwa miezi sita. Hawakuwa na ugonjwa wowote wa kula. Lakini njaa ilipokolea walishinda wakiwaza chakula, wakasoma vitabu vya mapishi, wakala polepole mno ili mlo usiishe, wakajitenga na wengi wakazama katika huzuni. Akili ilidhoofika pamoja na mwili. Sasa mfikirie aliyefika hapo huku anaogopa mno kunenepa: "kula tu" atawezaje?

Tena usiangalie wembamba peke yake. Mwenye bulimia, anayekula kwa pupa kisha akajitapisha, mara nyingi ana uzito wa kawaida. Wavulana nao huugua.

Ukiona dalili, mpeleke hospitali mapema. Aliyekaa na njaa muda mrefu asilishwe kwa wingi ghafla nyumbani. Akilishwa hivyo, madini ya fosfati na potasiamu katika damu yanaweza kushuka hadi moyo ukasimama.