Kuruka hewani kwa ubao nyuma ya boti: yanayodhaniwa na yaliyo kweli

Wengi wanaotazama video za wekisafingi, mchezo wa kuteleza kwa ubao juu ya wimbi la boti, kutoka maziwa ya Marekani huamini kwamba mchezaji hurushwa juu na kamba. Kamba ipo, lakini kazi yake ni kumwinua kutoka majini tu. Akishasimama na kuhisi wimbi linamsukuma, huitupa ndani ya boti na kuendelea bila kushika chochote. Miguu yake pia haikufungwa kwenye ubao, tofauti na wekibodi, ambapo mchezaji huvaa viatu vilivyokazwa ubaoni na huvutwa mwanzo hadi mwisho.

Dhana hiyo huzaa nyingine, kwamba nahodha akiongeza mwendo mrukaji atafika juu zaidi. Wimbi linalofuata boti husafiri kwa mwendo wa boti yenyewe, na kadiri mwendo unavyozidi ndivyo wimbi linavyorefuka: katika maji ya kina, boti inayokwenda kilomita 18 kwa saa huacha wimbi lenye urefu wa mita 16 hivi kutoka kilele hadi kilele, na mwendo ukiongezwa maradufu urefu huo hupita mita 60. Mteremko mrefu namna hiyo hauna ukuta wa kumrusha mtu, ndiyo maana wengi huendesha kati ya kilomita 16 na 20 kwa saa. Kimo cha wimbi huongezwa na uzito, yaani matangi ya maji yanayoizamisha tezi, sehemu ya nyuma ya boti. Hata abiria wawili wakihamia upande wa pili kupiga picha, wimbi hubadilika papo hapo.

Kosa linalowachelewesha zaidi wanaojifunza ni kudhani kuwa kuruka ni suala la nguvu za miguu. Anayekandamiza ubao kwa miguu yote miwili huuzamisha, kwa sababu maji hayana ugumu wa sakafu. Mrukaji hodari hukusanya mwendo kwanza, hushuka hadi chini ya wimbi huku amekunja magoti, kisha hugeuka kupanda ukuta akiwa ameelekeza macho kwenye ukingo wa juu. Ncha ya ubao inapovuka ukingo huo, mguu wa nyuma hukanyaga mkia, goti la mbele huvutwa kuelekea kifuani, na mguu wa nyuma hufuata ili ubao ulale sawa hewani. Kutua nako kuna mahali pake: atuaye mbali na mteremko, kwenye maji tambarare, hupoteza msukumo, na wimbi humwacha.

Husemwa pia kwamba mwendo huu mdogo hauumizi. Maji huenda yasiumize sana, ila ubao ulio huru una mapezi, na mara nyingi mtu huuangukia. Kwa hiyo ubao husukumwa kando kwa miguu, na uso hufunikwa kwa mikono. Si kila boti inafaa. Injini ya kawaida ya nje huweka rafadha, panga linalozunguka kuisukuma boti, nyuma ya tezi, karibu mno na mchezaji, ilhali boti za mchezo huu huificha chini ya chombo. Jambo linalosahaulika zaidi ni kaboni monoksidi, gesi ya moshi wa injini isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujikusanya nyuma ya boti. Kwa hiyo wanaosubiri zamu hukaa ndani, si kwenye jukwaa la nyuma, muda wote injini inapofanya kazi.