Acheni kuisingizia friza, rudisheni sukari

Jamani, wiki hii tena: "Nimefuata maelekezo yako, aiskrimu imetoka jiwe." Ukimhoji vizuri, mtu katoa nusu ya maziwa mazito ya kopo yenye sukari, kajazia maziwa ya kawaida, eti sukari si nzuri. Halafu lawama kwa friza, au "bila mashine haiwezekani".

Inawezekana vizuri tu. Krimu yenye mafuta asilimia 35 hivi, iwe baridi pamoja na bakuli lake (kwa joto la Dar la Februari, krimu ikipata vuguvugu haisimami, ukikazana inaachana), ipige mpaka isimame, changanya taratibu na maziwa mazito na rojo la embe, funika, gandisha usiku kucha. Hewa uliyoiingiza kwa kupiga ndiyo sehemu kubwa ya kazi ya mashine. Basi.

Sasa sukari. Maji matupu yanaganda kwenye nyuzi 0. Yenye sukari yanataka baridi zaidi. Na kinachoganda ni maji peke yake. Sukari inabaki kwenye yale ambayo bado, yanazidi kuwa mazito, na kadiri yanavyokuwa mazito ndivyo yanavyozidi kugoma kuganda. Ndiyo maana hata friza ikifika nyuzi 18 chini ya sifuri, katikati ya chembe za barafu bado kuna sharubati. Hiyo sharubati ndiyo inayokipisha kijiko. Ukiinyima sukari umetengeneza barafu ya maziwa, ile ya vifuko wanayonunua watoto wa shule. Tamu, naipenda, ila iite jina lake.

Wa stevia nao! Utamu upo, lakini unaweka kiasi kidogo mno kuzuia maji yasigande.

Kama utamu unakukera kweli, punguza kopo kidogo, pengo lizibe kwa glukosi ya unga. Utamu wake ni hafifu kuliko sukari, na kwa uzito uleule inazuia kuganda karibu mara mbili. Kipimo kamili sikupi, maana embe boribo lililoiva linakuja na sukari yake na ukwaju unakuja na ugwadu. Mimi mwenyewe bado naonja na kukisia. Kabla ya kugandisha iwe tamu kupita unavyopenda, kwa sababu ulimi uliopoa hausikii sukari sawasawa.

Umeme ukikatika ikayeyuka, hewa imeshatoka. Ukiigandisha tena itakuwa na chenga, hata sukari iwe sahihi. Hiyo inyweni tu ingali baridi.