Kani ya kuvuta mkanda: msuguano unapigiwaje hesabu?

Kokota gunia la unga la kilo 25 kwenye sakafu ya saruji, kisha lilaze juu ya vipande vya bomba ulisukume tena. Gunia ni lilelile, ila safari hii mkono mmoja unatosha. Ndiyo sababu mikanda inayobeba mawe ya shaba kwenye migodi ya huku kwetu Katanga hutembea juu ya rola.

Kani ya msuguano ni namba ya msuguano (inayoonyesha vitu viwili vinavyogusana vinashikana kiasi gani) mara uzito unaokandamiza. Kwa mkanda wenye rola zinazotunzwa vizuri, namba hiyo huchukuliwa kuwa karibu 0.02.

Tuseme mkanda una mita 100, na kila mita imebeba kilo 50 za mawe: kilo 5,000. Ongeza mpira wenyewe, unaokwenda na unaorudi, kilo 2,000, na rola kilo 1,000. Zidisha kilo 8,000 kwa 9.81 (mvutano wa dunia, unaogeuza kilo kuwa nyutoni za uzito), kisha kwa 0.02. Unapata kama nyutoni 1,570.

Sasa tuseme mkanda huo unapanda mita 10 kwenda juu. Kuyainua mawe peke yake kunadai 50 × 10 × 9.81, yaani nyutoni 4,905. Mpira hauhesabiwi hapa, maana upande unaoshuka unausaidia unaopanda. Mita 10 za kimo zimedai zaidi ya mara tatu ya mita 100 za umbali! Anayechagua mota kwa kutazama urefu wa mkanda tu atajuta. Jumla ni nyutoni 6,475. Kwa mwendo wa mita 1.5 kwa sekunde, ni karibu kilowati 9.7, kabla ya kuhesabu kinachopotea kwenye giaboksi.

Kani hiyo yote inapita kwenye ngoma, yaani silinda inayozungushwa na mota, na ngoma inaushika mpira kwa msuguano. Hapo tunautaka mwingi. Kwa kanuni ya Euler, ya mkanda unaozunguka silinda, mkanda ukizunguka nusu ya ngoma kavu yenye namba 0.35, upande unaovuta waweza kukazika mara 3 ya upande uliolegea. Mvua ya Desemba ikiishusha namba hadi 0.2, hata mara 2 haifiki. Kwa mkanda wetu, tofauti ya pande hizo mbili ndiyo zile nyutoni 6,475, hivyo upande uliolegea unahitaji karibu nyutoni 3,230 pakiwa pakavu, na 7,400 pakilowa.

Kwa hiyo ngoma ikizunguka huku mkanda umesimama na harufu ya mpira unaoungua imetanda, usikimbilie mota kubwa zaidi. Zima umeme, futa tope kwenye ngoma, tazama kama mpira uliofunika ngoma haujalika, kisha kaza mkanda.